Viganja vya Fundi Lakhdar

Ndani ya basi, mjini Constantine, Bi Wassila aliketi nyuma ya watu wawili wasiojuana: Lakhdar, fundi magari, na mwanamke mwenye kikapu cha machungwa. Lakhdar alishika fomu ya binti yake ya kujiunga na maktaba. Mzazi alitakiwa kwenda maktaba kuitia saini mwenyewe, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

"Utotoni nilikuwa nashinda mle maktaba," alimwambia yule mwanamke. "Mlangoni tulimwonyesha mkutubi viganja. Vikiwa vichafu, anakurudisha bombani. Nilipoanza kazi ya gereji alinirudisha mara tatu siku moja, watu wakacheka. Sijakanyaga tena."

"Kaka, huyo mkutubi huenda keshakufa!"

"Grisi haijafa, dada. Tazama kucha hizi."

"Sasa mtoto akose vitabu kwa ajili ya kucha zako? Mwanamume mzima!"

Hata hivyo mwanamke akamenya chungwa, akampa ganda. "Haya, sugua."

Lakhdar akasugua. Bi Wassila, aliyenawisha wajukuu tisa, aliona mikono imekwisha kutakata. Weusi uliobaki haukuwa uchafu, ni alama ya kazi tu iliyozama kwenye ngozi.

Basi likasimama mbele ya maktaba.

"Shuka, kaka!"

"Viganja bado havijatakata," alisema Lakhdar, akaendelea kusugua, mlango wa basi ukiwa wazi.