Watazamaji Elfu Hamsini

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye basi, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, alikuwa amepakata kompyuta kuukuu kama mgonjwa. Alikuwa amemwambia kondakta anashuka mwisho wa njia. Jirani yake, dada mwenye fulana ya duka la kompyuta, akashindwa kujizuia: "Kaka, hiyo haichezi gemu. Hiyo ni ya kuandikia barua."

"Inacheza mpira," fundi akajibu. "Mimi na mdogo wangu tumecheza hapa miaka sita. Ikikwama, tunapunguza mapambo ya gemu. Tulizima vivuli, tukazima nyasi, mwisho tukazima watazamaji. Tukifunga bao tunashangilia wenyewe."

"Uwanja mtupu! Raha gani hiyo?"

"Tulikuwa tunacheka mpaka mama anagonga ukuta."

Dada akatabasamu kwa ile huruma ya wauzaji, ambayo mimi siipendi. "Na huyo mdogo wako?"

"Kanunua mpya. Ina nyasi, ina watazamaji elfu hamsini. Anacheza na watu asiowajua. Jana nimemwomba mechi moja tu, akasema mashine yangu inamchelewesha." Akaifuta vumbi kwa kiganja. "Lakini inatosha."

"Haitoshi, kaka."

"Nimesema inatosha!" Basi zima likageuka kumtazama. Watazamaji hao alikuwa nao bure.

Basi likasimama karibu na duka la kina dada, naye akashuka. Fundi akanyanyua mzigo wake, akamfuata hadi mlangoni.

"Dada," nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "hao watazamaji wanauzwaje?"