Adelfina Ansbert: Binti Aliyesomeshwa na Kijiji

Tarehe 30 Juni 2015, Muuguzi Mkunga Adelfina Ansbert anastaafu baada ya kuwahudumia watu wa Nyarubungo kwa miaka arobaini. Wengi wetu tulipokewa duniani na mikono yake, na baadhi yetu, mwandishi akiwemo, tukarudi kufundishwa kazi naye.

Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea na sekondari. Baba yake, Mzee Ansbert, alikuwa tayari kuuza shamba la migomba ili amsomeshe shule ya kulipia. Adelfina akakataa katakata: wadogo zake wangekula nini? Wakati huo vijiji vya ujamaa vilikuwa vikipeleka watu kusomea uhudumu wa afya bila ada, kijiji kikichangia chakula tu. Akaomba njia hiyo.

Kikwazo kikawa mkutano wa kijiji. Wazee walitaka apelekwe mke wa mtu, kwa kuwa msichana angeolewa Ngara au kwingineko, na ujuzi wa kijiji ungeondoka naye. Adelfina, ambaye hata kanisani alikuwa akikaa nyuma, akasimama.

"Shikamooni wazee. Atakayenitaka, atahamia hapa."

Watu walicheka, lakini mikono ikainuka kumkubali, akaenda kusoma. Ndikuriyo wa Kabanga alipomchumbia, mwanamume ndiye aliyefunga mizigo akahamia kwetu. Alitaniwa sana kwamba ameolewa. Leo husimulia mwenyewe kwa majivuno.

Vita vya Kagera vilipoanza, mganga wa zahanati yetu aliitwa kuhudumia majeruhi. Zahanati ikabaki mikononi mwa Adelfina, mhudumu tu, na wajawazito wote wakamtegemea. Alizalisha hata mapacha waliotanguliza miguu, wala hakupoteza mama hata mmoja. Mganga aliporudi akampendekeza wilayani, na serikali ikamgharimia chuo cha uuguzi.

Alipofuzu akapangiwa hospitali ya mjini. Wazee wale wakaanza kutikisa vichwa: si tulisema? Adelfina akaomba abadilishiwe kituo. Siku aliyoshuka kwenye lori hapa Nyarubungo, amevaa sare nyeupe, kijiji kizima kilimpokea kwa ngoma na vigelegele. Mvumilivu hula mbivu, nasi tumezila pamoja naye.

Mama Adelfina, asante sana. Hatukuagi, maana huendi kokote. Pumzika kwa afya na raha, wewe na Mzee Ndikuriyo. Na ukisikia mjamzito amefikishwa usiku, geukia ubavu wa pili ulale. Tupo uliotufundisha.