Noelene Pascoe, Bustani Yake na Upepo wa Kaskazini

Noelene May Pascoe alizaliwa tarehe 9 Juni 1949 kwenye shamba la ngano nje ya Horsham, Victoria, mtoto wa tatu wa Vern na Edna Lobley. Akiwa na miaka saba, moto wa nyika ulipita shambani ukachukua ghala na farasi wake. Tangu siku hiyo hakuuamini moto; hata ukubwani, jirani akichoma soseji tu, Noelene alikuwa ameshashika funguo za gari.

Alisoma Horsham hadi kidato cha nne, kisha akafanya kazi ya kuunganisha simu za watu. Siri za mji mzima alizijua, na amekufa nazo. Baadhi yenu hapa mnaweza kushusha pumzi.

Mwaka 1972 aliolewa na Clive Pascoe, fundi bomba, wakahamia Kallara, vilimani kwenye misitu. Ukame ulipowaulia waridi, waling'oa nyasi yote wakapanda mimea ya asili ya nchi hii, isiyodai maji: banksia na grevilia mbali na nyumba, na karibu na ukuta vichaka vinene visivyoshika moto upesi. Clive, kwa mazoea ya waridi, akaimwagia mbolea ya kuku. Banksia haziwezi mbolea kali. Zilikauka zote.

"Umezilisha mpaka zimekufa, mzee wangu," Noelene alimwambia.

Clive alizipanda upya, akazipenda kupita kiasi. Hapo Noelene akapata hofu mpya: moto ukija, huyu hataondoka.

Ulikuja Januari 2019. Noelene alikuwa garini, anapiga honi, moshi umefunika barabara. Clive ameshika mpira wa maji.

"Clive! Ingia!"

"Dakika moja, mama Leonie, namalizia hizi banksia."

"Malizia! Majivu yako na ya banksia nitayakusanya kwenye ndoo moja!"

Upepo uligeuka wenyewe, moto ukaelekea kwingine. Noelene hakuzima gari hadi jioni.

Agosti iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hospitalini hakuuliza kuhusu dawa. Aliuliza upepo unatoka wapi. Tarehe 3 Februari 2024 alimshika Clive mkono.

"Moto ukija, utaondoka?"

"Nitaondoka."

"Mwongo wewe."

"Nitaondoka, Noelene."

Alifariki alfajiri iliyofuata.

Mazishi yamesogezwa asubuhi kwa sababu mchana huu upepo wa kaskazini, ule wa joto unaochochea moto, unatarajiwa, na tahadhari ya moto ni ya juu kabisa. Tafadhali msikawie makaburini. Chai iko bondeni, kwa binti yao Leonie.

Ameacha mume, Clive, binti, Leonie, na wajukuu, Tegan na Bryn. Clive amefika hapa na mbwa, begi na dawa zake za presha. Bustani ameiacha ijitegemee, na harudi Kallara mpaka upepo utulie.

Noelene apumzike bila hofu. Clive ameondoka.