Nani Kaimba Kaswida ya Tatu?

Mheshimiwa Diwani wetu, Sheikh wa kata pamoja na wazee wa msikiti, Ustadh Abdulrazak tunayekuaga leo, walimu wote wa madrasa, wazazi wenzangu wanaume kwa wanawake, na nyinyi watoto mliokaa kwenye mikeka huku mbele, assalaam alaykum. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi ni Sada, mama yake Mosi, natokea Fukayosi. Wa nyumbani wote wanawasalimu. Mkwe wangu Bi Rehani anawasalimu, miguu inamsumbua ila kinywa hakijambo. Baba watoto, Mwishehe, anawasalimu, amebaki shambani kulinda mahindi, ngedere wasimalize. Mwanangu Khamis anawasalimu. Samia mdogo anawasalimu, kikohozi kimepungua, alhamdulillahi. Na Mosi, ambaye wengi mnamjua maana amesoma hapa miaka minne, naye anawasalimu, ila kuja amekataa. Nilimwambia mwalimu wako anahama, twende ukamuage. Akasema mama, nenda wewe. Hilo nitalifikia.

Shule mimi niliishia darasa la tatu. Maneno haya nimeyasema mwenyewe, wifi yangu Shufaa akayaandika kwa herufi kubwa, nami nayafuata kwa kidole. Nikisimama njiani mnivumilie. Kamati ilinipa karatasi yake, imeandikwa tayari, nzuri, shukrani tupu mwanzo hadi mwisho. Nimeikunja. Nikajiuliza, wazazi wote hawa wa mjini na elimu zao, kwa nini atafutwe mama wa Fukayosi azungumze kwa niaba yao? Labda ni heshima. Labda ilidhaniwa nitashukuru tu nikae.

Kushukuru, Ustadh, nitakushukuru, maana asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu. Miaka minne nyuma ulikuja kwetu kwenye maulidi, ukamsikia Mosi akiitikia na wenziwe. Asubuhi yake mvua imenyesha, njia haipitiki, tukakuona unakuja kwa miguu, viatu umevishika mkononi, kanzu umeipandisha mpaka magotini. Ukamwambia baba yake, "Mzee Mwishehe, nipe mtoto huyu. Sauti hii ukiiacha shambani, utaulizwa." Mwishehe aliliogopa hilo neno utaulizwa wiki nzima, mpaka akamleta mtoto hapa mjini kwa shangazi yake Shufaa. Ni mwalimu gani mwingine angeifuata sauti ya mtoto wa watu kwenye tope? Ukamfundisha, herufi zikakaa mahali pake, haya ikamtoka, akawa anasimama mbele za watu. Sisi tulikuwa na mtoto tu, wewe ndiye uliyetujulisha kuwa ana kitu. Ndiyo maana swali langu nimekuletea wewe, si mwingine.

Wote mnaijua albamu ya kaswida ya madrasa yetu, iliyotoka baada ya Idi kubwa. Nani hapa hajaisikia? Fukayosi tunayo kwenye flashi, kwenye simu watu wanarushiana, juzi nimeikuta hata kwenye lori la mananasi. Na kila mtu ana maoni yake. Wapo wanaosema dufu limezidi, limewafunika watoto. Wapo wanaosema ya kwanza imechukua mwendo wa Kiunguja. Fundi Majaliwa, mwenye cherehani pale karibu na kituo, alikuwa mtu wa bendi za zamani na hakutaka kusikia kitu kingine. Siku hizi anaipiga kaswida ya tatu mpaka wateja wanamwomba ahamie ya nne.

Juu ya hiyo ya tatu hakuna ubishi, isipokuwa jambo moja. Majaliwa anasema binti anaimba vizuri ila anahema kabla ya kila mstari mrefu, wa studio walilala wasiikate. Mama muuza vitumbua akamgeukia, akamwambia, "Wewe unayenishonea gauni bega moja liko juu, leo umekuwa fundi wa pumzi? Hapo anapohema ndipo panaponitoa machozi."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kitenge changu mkononi. Nikasema, Fundi, rudisha. Akarudisha. Nikasema rudisha tena.

Wazazi wenzangu, Mosi alizaliwa na kifua kibovu. Mpaka anafika miaka saba nilikuwa nakaa naye nazihesabu pumzi zake, na zile pumzi nazijua kama ninavyojua hatua za mtu wa nyumbani kwangu anapoingia uani. Huvuta mbili. Ya kwanza fupi, kama mtu anayeonja uji wa moto, halafu ndefu. Nikamwomba Majaliwa anisomee kava, maana maandishi yenyewe madogo. Akasoma: kaswida ya tatu, sauti inayoongoza, Adila.

Adila mwanangu, nakuona pale, usiinamishe uso. Wewe huna kosa kwangu. Wiki iliyopita nilikukuta kwa Shufaa nikakusifia kwa makusudi, nione utasema nini. Unisamehe, mama akishaingiwa na shaka huwa mpelelezi. Ukanijibu, "Mama Mosi, hata mimi nikijisikia najishangaa. Waliniambia mashine imenisafisha." Hayo ni majibu ya mtoto mkweli. Basi shaka yangu ikaondoka kwako, ikaenda kukaa kwingine.

Maana siku ile walioingia studio kuimba ile ya tatu walikuwa wawili. Adila aliimba, na Mosi akaimba ile ile, ili ichaguliwe moja. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu Mosi akaambiwa, na wewe Ustadh, kwamba yake imefutika, na hata isingefutika, sauti yake sasa inakwaruza, kifua hakimruhusu, bora akae na waitikiaji nyuma. Akafunga begi akarudi nyumbani. Sauti ile uliyoifuata kwa miguu, imekwisha kwa siku mbili? Nauliza tu, kwa heshima.

Nikaenda studio. Nikamkuta kijana wao, Bwanausi, ana adabu, akanipa kiti. Nikamwuliza kama vitu huwa vinafutika. Akasema, "Mama, hapa hakifutiki kitu. Vyote tunaviweka." Nikafurahi, nikamwambia basi niwekee ya Mosi nimsikie mwanangu. Akatazama mlango. Akakoroga waya zake pale mezani. Halafu akasema, "Hiyo kamuulize Ustadh." Sasa kitu kilichofutika, cha kumuulizia Ustadh ni kipi?

Naona Katibu ananionyesha saa. Nimekaribia, ndugu yangu, kaa.

Ustadh, nimekutafutia sababu nyingi za kukutetea, Mungu anajua. Labda walichanganya majina huko kwenye mashine, na wewe ukaja kujua kava limeshachapwa, ukaona haya. Labda mtoto wa mjini anapendeza zaidi kwenye picha. Labda ilisemwa kwamba watu wa Fukayosi ni wa jembe, tofauti hawataisikia. Hiyo ya mwisho kila ikinijia naifukuza, na kila nikiifukuza inarudi. Sikuja kudai mgao. Kava mliache kama lilivyo, na Adila asivuliwe chochote. Tena hakika sina. Sikio la mama halina haki, linamsikia mwanawe hata kwenye mlango unaolia. Ndiyo maana Mosi mwenyewe sijamwambia. Nikimwambia ile ni yako, kumbe siyo, nitakuwa nimemvunja mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Lakini kunyamaza nako kumenishinda, na nitawaambia kwa nini. Mosi anaipenda ile kaswida kuliko sisi sote. Hajafungua kinywa mbele ya mtu tangu arudi. Harusi ya binamu yake aliombwa aongoze akajificha kwa majirani. Ila akiwa peke yake anamenya mihogo huiweka ile ya tatu, akaisimamisha, akajaribu kwa sauti ndogo, akaianza upya. Anajifunza. Juzi aliniita uani, akasema, "Mama, nisikilize. Nimeanza kumfikia Adila?"

Akaimba. Nikamwambia umemfikia, mwanangu.

Akacheka kidogo, akasema, "Unanidanganya kwa sababu ni mama yangu."

Umesikia hayo, Ustadh. Mimi siaminiki, kwa kuwa mimi ni mama. Anayeaminika ni wewe. Ukisema sauti imekwisha, anaamini imekwisha. Na Jumapili unapanda gari kwenda Pangani, na waliokuwemo chumba kile wakiwasikiliza wote wawili ni wewe na Bwanausi, na Bwanausi ameshanifunga mlango.

Sitaki unijibu hapa. Hadhi yako mbele ya wanafunzi wako naichunga, wamekupenda na wana haki ya kukupenda. Namba ya Mwishehe anayo Shufaa. Piga, uombe kuzungumza na Mosi mwenyewe, umwambie neno moja: ni yako, au si yako. Lolote kati ya hayo nitalipokea, nitapika, tutaendelea kuishi. Na nyinyi mlioinua simu mnanirekodi, nawaomba kwa jina la Mungu msiirushe kwenye makundi yenu mpaka mtoto asikie kwanza kwa mwalimu wake, asije kulisikia jambo lake kwa Fundi Majaliwa.

Ustadh, kwa miaka minne Mungu akulipe, na huko uendako akupe watoto wenye masikio. Mheshimiwa Diwani, Sheikh, wazazi wenzangu, nawashukuru kwa kuniachia nimalize. Mimi jioni hii nitakuwa nimeshafika nyumbani, na jambo la kwanza Mosi ataniuliza mwalimu wangu kasemaje. Nitamwambia atapiga. Basi Ustadh, usiniache nikawa mwongo kwake mara mbili. Tuletee jibu upesi.