Kiwiko cha Shemeji Yenu

Kaeni, wapendwa, maana nikisimama mbele ya watu waliosimama nasahau nilichotaka kusema. Nawasalimu kwa jina lile lililotutoa vitandani Jumapili hii ya mvua. Sitataja jina la mtu, ila mume wangu hafichiki. Mnamwita Mchina, nimeshawaambia ni wa Taiwan na hamsikii. Basi leo ni shemeji yenu.

Huyo mnayemwona kila Jumapili akibeba viti kwa mkono wa kushoto alikuwa mrushaji wa besiboli. Kazi ya kulipwa, ndugu zangu, si mchezo wa bustanini. Mrushaji anasimama katikati ya uwanja, anamrushia mpira mtu mwenye gongo, na uwanja mzima unaimba jina lake. Alichukuliwa akiwa mdogo akalelewa kwenye bweni la timu, na tangu hapo maisha yake yote yalitegemea kiwiko kimoja. Kikachanika. Wakampasua, wakachukua kano kwenye kifundo cha mkono wakaishonea kiwikoni, akarudi uwanjani. Kikachanika tena. Timu ikampa mkono wa kwaheri.

Tulikutana hapa hapa London, hotelini, mimi natandika vitanda, yeye yuko chumba cha kufulia. Alinichekesha, nikampenda. Kwetu Tanga walilalamika, nikaziba masikio. Tukapanga Kilburn, juu ya duka la kinyozi.

Sasa niwaambie ukweli. Nyumba ile ilikuwa nzito. Baridi ikiingia, kiwiko kinamuuma hadi anashindwa kufunga vifungo vya shati. Mimi nikimwona amekunja uso namwambia, "Sorry, my dear." Ningesema nini kingine? Akiangusha kikombe, sorry. Akirudi amechoka, sorry. Na kila nikisema hivyo anazidi kuninyamazia, anageukia ukutani. Nikajua hanitaki. Nililia ndani ya basi nikienda shifti, mpaka mama mmoja nisiyemjua akanipa tishu.

Siku moja nikakuta begi mlangoni. Kuna timu ndogo kwao ilikubali kumjaribu tena, na tiketi ameshakata. Daktari wa hapa alishamwambia wazi kwamba kiwiko kikichanika tena, huenda mkono huo usinyanyue hata kijiko. Nikamsihi asiende. Akasema afadhali mkono ufie kule. Nilikasirika, nikamwambia basi nenda.

Kisha nikajifungia bafuni nikampigia simu mama yetu mmoja wa hapa, Mkongo, mnamjua na hataki nimtaje. Hakuniuliza maswali. Alipanda treni kutoka Tottenham akaja na sufuria ya sombe, kile kisamvu cha kwao. Kuingia tu akaliona begi, akamwona mtu kashika kiwiko. Akaweka sufuria chini, akamshika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mutoto yangu. Sorry, sorry."

Shemeji yenu akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Huyu mama naye anajuta nini? Yeye hajaolewa na mimi."

Jamani! Nilikaa sakafuni. Mtu wangu miaka yote ile alikuwa akisikia kwamba najuta. Kila sorry yangu, kwake ilikuwa nasikitika kuolewa na mkono mbovu. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akijikwaa barabarani, hata usiyemjua, unamwambia pole. Si wewe uliyemwangusha, wala hujutii lolote, unamwambia tu kwamba umeona ameumia. Kiingereza kilininyima neno hilo, nikaokota lililokuwa karibu.

"Miaka yote?" akauliza.

"Miaka yote."

Mama yetu naye analia, na sidhani kama alielewa hata nusu.

Shemeji yenu akaipigia simu ile timu ya kwao kuwaambia haendi tena. Alizungumza kifupi, kwa lugha ambayo mpaka leo inanipiga chenga, halafu akakaa juu ya lile begi akalia kama mtu aliyefiwa. Na kweli alikuwa amefiwa. Nikamwambia, "Pole." Sikuongeza kitu.

Msinipigie makofi bado. Mkono haujapona, mliouombea endeleeni. Kuna siku anatazama mechi za kwao kwenye simu, na siku hiyo hali wala haongei, na mimi naumia. Lakini begi liko juu ya kabati. Na vifungo vya shati ananiita nimfunge. Zamani alivaa fulana tu ili asiniombe.

Namshukuru Mungu. Nakushukuru mama yangu wa sombe, usijifiche nyuma ya nguzo. Nawashukuru nyote mliokaa nami kwenye simu nikilia bila kunikatia.

Ninachowaachia ni hiki. Ninyi mliooana nje ya lugha yenu, na ninyi ambao watoto wenu wanawajibu kwa Kiingereza, msidhani neno likifika limefika na maana yake. Muulize mwenzio amesikia nini. Mimi sikuuliza, na nusura nimpoteze mtu.

Yuko hapo nje kwenye korido, ameona haya kuingia. Mkitoka, msimvute mkono wa kulia. Mwambieni pole, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Msimtafsirie.