Gari Lililotazama Geti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, na mwenye sufuria za kuosha aziache kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa rejeta aliyefariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Mtaani tulimwita Kijani, kwa sababu ya kulanti, yale maji ya kijani yanayopoza injini. Yalimwingia kwenye kucha hata sabuni ikasalimu amri.

Nilikuwa mteja wake, tena mteja msumbufu. Siku moja nilitaka kufungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado inachemka, kisa nina haraka. Akanidaka mkono. "Mtangazaji, najua kazini kwenu hawakuoni, lakini uso bado unauhitaji. Kaa." Nikakaa saa nzima kwenye kigoda, nimenuna.

Kijani alikuwa na gari lake mwenyewe, dogo, jeupe. Liliegeshwa uani, pua imeelekea geti. Halikuwahi kutoka. Nasema tena: miaka kumi na sita, halikuwahi kutoka. Alilinunua kwa safari moja tu, kwenda kwa dada yake, mwendo wa saa nne.

Dada huyo ndiye pekee aliyebaki kwao. Siku ya kumzika mama yao, Kijani alikuwa gereji akitoa hewa kwenye rejeta ya mteja. Alisema nusu saa. Zikawa saa tatu, hewa haitoki. Alipofika makaburini, watu walikuwa wanakung'uta majembe. Dada akamwambia mbele ya wote, "Umekuja kuona udongo?" Kijani akageuka, akaondoka. Hawakusemezana tena.

Gari lilikuwa la kwenda kuomba radhi. Lakini kila mwaka, siku ya safari ikikaribia, Kijani aliingia uvunguni mwa gari. Anafungua koki ya chini, anamwaga kulanti ya zamani. Anajaza maji matupu, anawasha injini mpaka ipate moto, anazima, anasubiri ipoe, anamwaga tena. Mara nne, mara tano. Mkewe kashika beseni. Ile kulanti ya zamani inaingia kwenye dumu na kufungwa, maana ni tamu na ina sumu, mbwa wasije wakailamba. Kisha Kijani anainamia beseni na kusema, "Bado yana kutu. Siendi kwa dada na gari la kuniacha njiani." Shati la safari linarudi kabatini.

Mwaka jana nilimtania, "Kijani, kwani mabasi yamekwisha?" Hakucheka. "Kwenye basi, aibu ikinikaba katikati ya njia nitageuzia wapi? Humu uani siwezi kutoka, ndugu yangu. Na kukaa pia siwezi."

Nikaaga, nikaenda zangu. Mimi, ninayelipwa kusema.

Juzi nilimtembelea mjane. Aliniambia jambo, na ameniruhusu nilitangaze. "Maji yalikuwa safi tangu mwaka wa tatu," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika beseni. Ungeweza kujitazama uso mle ndani. Nikanyamaza, nikisema siku moja ataona mwenyewe. Sasa usingizi siupati."

Na dada? Dada alikuja mazikoni. Alikuja kwa basi, akafika alfajiri, kabla ya watu wote. Nilimkuta bado yupo, amekaa kwenye lile gari, kiti cha abiria, mlango kaufunga. "Neno lile lilinitoka kwa uchungu," aliniambia. "Kesho yake nilishamsamehe. Lakini mimi ndiye mkubwa. Nikaona atangulie yeye kuja." Akafuta kioo cha mlango kwa kiganja. "Miaka kumi na sita, kila gari likipunguza mwendo pale kwangu nachungulia dirishani."

Mjane akaingia upande wa usukani, akawasha injini. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati, ukatulia hapo, panapotakiwa. Haukuyumba hata kidogo. Wote watatu tuliutazama.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane na kwa dada, sisi wa hapa studio tunasema poleni sana. Mlimpenda, naye aliwapenda. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza sasa hivi, uliyemshikia mtu beseni mwaka hadi mwaka, ukaona maji yametoka safi. Usimsubiri aone mwenyewe. Mwambie.