Hereni za Vibibi vya Mpingo

Aliyemwambia Mauwa kwanza ni Sesilia, jirani yake wa Temeke: "Shoga, kijiweni wanakucheka." Mauwa akafunga mtoto mgongoni, akabeba ndoo, akaenda bombani, hatua chache kutoka benchi la wachongaji. Mumewe, Fakihi, alikaa pale kainamisha kichwa, mkononi kashika kinyago chake cha kibibi cha mpingo kisichozidi kidole, ambacho Mauwa alikivika hereni za waya wa shaba. Kesho yake vibibi kumi vilikuwa vinakwenda duka la ushirika, visafirishwe Ulaya kwa meli. Kijiwe kikikataa, Fakihi angeng'oa hereni zote, na kazi ya wiki mbili ya Mauwa ingeishia jaani.

— Mchongaji hapambi, alisema Mzee Kasimiri, waliyemwita Patasi. Mpingo ni kipande kimoja, basi. Baba yangu angekiona hiki, angekitia motoni.

— Tena hereni! akadakia Jamali, muuza kahawa. Wakati huu wa Ujamaa? Kibibi kimeshakuwa bepari hicho. Bado kununua gari tu.

Wakacheka.

— Nyie mnacheka gari, mie nawaza meli, alisema Gaudens, aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi. Shaba yote hiyo sandukuni? Dira itayumba! Nahodha anakwenda Ulaya, tunamkuta Kismayu.

— Kwa hereni za ukubwa wa punje ya mtama? akauliza Jamali.

— Vibibi kumi, bwana! Masikio ishirini!

— Fakihi, ng'oa, Patasi akaamuru. Mkeo arudi jikoni.

Fakihi akatoa koleo. Ndoo ya Mauwa ilishafurika, maji yanamlowesha miguu, hana habari.

Ndipo Mwalimu Adelard, aliyehamia juzi kutoka Bukoba, akaja kuomba kikombe cha kahawa. Akaokota kibibi cha Patasi mwenyewe, kisicho na pambo lolote, akakigeuzageuza juani.

— Shikamoo, mzee. Samahani, mimi mgeni. Haya matundu ya masikioni mmetoboa ya nini?

— Ndivyo tunavyotoboaga. Tangu kwa babu.

— Ya kupitisha nini?

Patasi akakipokea kibibi chake, akayakodolea macho matundu. Redio akachungulia kikombe chake. Jamali akapangusa birika lililokuwa safi. Fakihi akarudisha koleo mfukoni.

Kulipokucha, Mauwa alikwenda kwa Mzee Kasimiri, akamwamkia, akachutama na waya wake wa shaba mbele ya vibibi vya mzee, akaanza kupima matundu kwa uzi, moja baada ya jingine. Mzee akampa mgongo, akaendelea kunoa. Hakumfukuza.